Chama Kimoja, Kazi Mbili: Maafisa wa Parole wa California

Ndugu wanachama, somo la safari hii linatupeleka mbali, katika jimbo la California nchini Marekani, kwa wafanyakazi wa kazi ambayo wengi wetu tungependa tusikutane nayo. Hao ni maafisa wa parole, yaani watumishi wa serikali wanaomwangalia mtu aliyetoka gerezani. Hatukuwachagua kwa kupenda habari za magereza. Tumewachagua kwa sababu wao ni kundi dogo ndani ya chama kikubwa, na mageuzi yalipoingia katika kazi yao walikinung'unikia chama chao karibu sawa na walivyomnung'unikia mwajiri.

Makundi ya namna hiyo tunayo sisi pia. Katika shamba la chai wachumaji ni mamia, lakini mafundi wa mtambo wanahesabika kwa vidole. Vivyo hivyo kwa karani wa mizani, dereva wa trekta na mhudumu wa zahanati ya kiwanda. Wote hulipa ada ile ile na hubeba kadi ile ile. Siku kazi yao inapobadilishwa, inafaa tujiulize ni nani anayesimama kuwasemea, na kwa idhini ya nani.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Wenzetu wa Tanzania wanaijua parole tangu Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994: bodi humchunguza mfungwa, na ikiridhika hutoka kabla ya kifungo chake kwisha, akakaa nje chini ya masharti. California ilikuwa na utaratibu wake. Tangu sheria mpya ya vifungo ilipoanza kutumika mwaka 1977, wafungwa walio wengi, isipokuwa wale wa kifungo cha maisha, walitoka siku yao ilipofika bila bodi kuwachagua. Lakini hawakuwa huru. Kila mmoja alikabidhiwa kwa afisa wa parole kwa muda ambao kwa kawaida ulikuwa miaka 3.

Katika muda huo mtu alipaswa kuripoti kwa afisa wake, kupimwa mkojo kama ametumia dawa za kulevya, kuomba kibali akitaka kusafiri mbali, na kukubali kupekuliwa saa yoyote. Afisa huyo ana bastola na pingu, lakini pia anatazamiwa amsaidie mtu wake kupata kazi na mahali pa kulala. Ni nusu polisi, nusu mlezi. Mtu akivunja sharti, hata bila kufanya kosa jipya la jinai, afisa aliweza kumshitaki mbele ya bodi, na bodi iliweza kumrudisha gerezani hadi miezi 12. Kwa miaka mingi, karibu wawili katika kila watatu waliotoka walikuwa wamerudi ndani kabla miaka 3 haijaisha. Mtu aliingia, akatoka, akarudi miezi michache, akatoka tena, kama ndoo ya kisimani.

Sasa tutazame chama. Chama cha Maafisa wa Magereza wa California, kinachojulikana kwa herufi CCPOA, kilianzishwa na askari wa magereza mwaka 1957. Mwaka 1977 jimbo lilipitisha sheria iliyowapa watumishi wake haki ya kujadiliana na mwajiri kwa pamoja. Watumishi hao waligawanywa katika makundi ya majadiliano kwa kufuata ukaribu wa kazi zao, na maafisa wa parole wakawekwa kundi moja na askari wa magereza, Kundi la 6. Sababu inaeleweka: idara yao ni moja, wote wana mamlaka ya kukamata, tena maafisa wengi wa parole walianza kazi wakiwa askari wa magereza. Lakini hesabu ilikuwa nzito upande mmoja. Chama kilikuwa na wanachama wapatao 30,000, na maafisa wa parole walikuwa kama 2,000 tu. Karibu kila gereza lina tawi lake, na magereza yalikuwa 33. Matawi ya parole yalikuwa machache.

Tusiseme kwamba kundi dogo halikufaidika. CCPOA kilikuwa mojawapo ya vyama vyenye nguvu kubwa katika siasa za jimbo lile. Magavana wa vyama vyote viwili vya siasa walikiogopa. Mishahara na malipo ya uzeeni yaliyopatikana kwa nguvu za askari wengi yaliwafikia maafisa wachache pia. Fundi wa mtambo anayesema hana haja na wachumaji akumbuke jambo hilo kabla hajarudisha kadi.

Ubishi ulianzia kwenye msongamano. Mwaka 2006 magereza ya California yalikuwa na watu zaidi ya 170,000, ingawa yalijengwa kwa ajili ya watu wapatao 80,000. Vitanda vya ghorofa tatu vilijazwa katika kumbi za michezo. Mwaka 2005 mahakama ilikwisha kuona kwamba kila baada ya siku 6 au 7 mfungwa mmoja alikuwa akifa kifo ambacho matibabu ya kawaida yangekizuia. Hali hiyo ilikuwa mbaya pia kwa askari waliozunguka usiku katikati ya vitanda hivyo.

Je, chama kilisimama wapi? Hapa ndipo somo letu linapokaa, kwa hiyo tuende polepole.

Mwaka 2004, baada ya kesi iliyofunguliwa na watu wa parole na kumalizwa kwa mapatano, idara iliahidi kwamba mtu akivunja sharti dogo hatarudishwa gerezani moja kwa moja. Badala yake angeweza kupelekwa kwenye matibabu ya ulevi au kufungwa kifaa cha kumfuatilia akiwa nyumbani. Mapema mwaka 2005 yakatokea matangazo ya televisheni ya kundi moja la kutetea watu waliodhuriwa na wahalifu, yakimshambulia Gavana Arnold Schwarzenegger kwamba anawahatarisha wananchi. Kundi hilo lilikuwa likitegemea sana fedha za CCPOA. Mwezi wa Aprili 2005 idara iliufuta mpango ule. Jaji akasema ahadi imevunjwa, lakini kila mtu alikwisha kuona nguvu ya chama. Kikitaka kusimamisha mageuzi ya parole, kiliweza.

Baada ya miaka miwili tu upepo uligeuka. Januari 2007 chama kilitoa mapendekezo yake chenyewe ya kurekebisha magereza, na kikajiunga katika kesi kubwa ya msongamano upande wa wafungwa. Yaani chama cha askari kilisimama mahakamani pamoja na wanaolindwa, kikimwambia mwajiri kwamba magereza yamejaa kupita kiasi. Sisi tunaona hiyo ilikuwa hatua ya haki. Mahali pa kazi panapomuua mfungwa hapamfai askari pia. Tarehe 4 Agosti 2009 mahakama ya majaji watatu ikatoa amri: katika miaka miwili idadi ya wafungwa ishuke hadi asilimia 137.5 ya nafasi zilizojengwa. Maana yake ilikuwa kupunguza watu wapatao 40,000. Tarehe 23 Mei 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliithibitisha amri hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4.

Watu 40,000 wapunguzwe kutoka wapi? Serikali inaweza kujenga magereza mapya, ambayo huchukua miaka na fedha. Inaweza kupunguza urefu wa vifungo, jambo linaloogopwa na wanasiasa. Au inaweza kuufunga mlango ule wa nyuma, ambao watu wa parole walirudia ndani kwa kuvunja masharti. Mlango huo ndio uliokuwa rahisi kuufunga, na bawabu wake alikuwa afisa wa parole. Kwa hiyo ushindi wa chama juu ya msongamano ulikuja kulipiwa na kundi lake dogo. Hatusemi kwamba viongozi walikusudia hivyo. Lakini mtu yeyote aliyekaa chini na kufanya hesabu mwaka 2007 angeona kwamba, wafungwa wakipungua, kazi ya kwanza kubadilika ni ya parole.

Sheria ya kwanza ilitiwa sahihi Oktoba 2009, ikaanza kutumika tarehe 25 Januari 2010. Ilianzisha parole isiyofutika. Mtu aliyehesabiwa kuwa na hatari ndogo alitoka gerezani bila afisa wa kumwangalia, wala hakuweza kurudishwa kwa kuvunja masharti, ingawa polisi bado waliweza kumpekua. Kwa wale waliobaki, idara ilisema mzigo wa kila afisa utashuka kutoka watu 70 hadi 48.

Msomaji atasema: basi si nafuu hiyo? Kutoka 70 hadi 48! Maafisa walijibu kwamba wale 70 walikuwa mchanganyiko. Wengi wao walikuwa watu wepesi, waliokuja kwa zamu yao, wakatia sahihi na kurudi kazini kwao. Sasa wepesi wameondolewa, na wote 48 waliobaki ni wazito. Ni kama mchumaji anayepunguziwa kilo za siku, kisha akahamishiwa sehemu ya chai kuukuu kwenye mteremko. Mizani itaonyesha kilo chache, lakini mgongo utaeleza habari nyingine.

Tena kulikuwa na suala la nani anaamua kwamba mtu huyu ni mwepesi. Kazi hiyo ilipewa hesabu ya kompyuta, iliyosoma kumbukumbu za kesi za zamani. Mei 2011 Mkaguzi Mkuu wa magereza alitoa taarifa kwamba kompyuta ilikuwa imekosea. Alikadiria kwamba watu wapatao 1,500 waliwekwa kimakosa katika parole isiyofutika, na kati yao kama 450 walikuwa na hatari kubwa ya kutumia nguvu. Maafisa waliokuwa wakisema tangu mwanzo kwamba karatasi haimjui mtu kama anavyojulikana na anayemtembelea nyumbani, sasa walikuwa na ushahidi.

Juu ya hayo walibeba aibu ya jambo jingine. Agosti 2009, mwezi ule ule wa amri ya majaji, iligunduliwa kwamba mtu mmoja wa parole alikuwa amemficha nyuma ya nyumba yake mwanamke aliyemteka mwaka 1991, akiwa mtoto wa miaka 11. Maafisa wa parole walikuwa wamefika katika nyumba ile mara nyingi. Mkaguzi Mkuu alisema kwamba katika miezi 123 ya uangalizi, idara ilimsimamia mtu huyo inavyotakiwa kwa miezi 12 tu. Jimbo lilikubali kumlipa mwanamke huyo na watoto wake dola milioni 20. Magazeti yakauliza: maafisa hawa wanafanya kazi gani? Kweli makosa yalifanyika, na makubwa. Lakini ni kweli pia kwamba walioumaliza uongo ule walikuwa askari wa chuo kikuu waliomshuku mtu huyo, na afisa wa parole waliyempigia simu, ambaye alijua kwamba mtu wake hana mabinti wadogo, akamwita ofisini. Wakati kama huo ndio kundi dogo huhitaji chama chake kiseme kwa sauti, kieleze mzigo ulivyo na masaa yalivyo, bila kuficha makosa.

Mwaka 2011 likaja badiliko kubwa zaidi. Aprili mwaka huo Gavana Jerry Brown alitia sahihi sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba. Watu waliofungwa kwa makosa yasiyo ya nguvu, yasiyo mazito wala ya ngono, hawakukabidhiwa tena kwa maafisa wa jimbo walipotoka. Walikwenda kwa maafisa wa probesheni wa kaunti, ambao mwajiri wao ni mwingine. Walio wengi waliovunja masharti walipelekwa jela ya kaunti, si gereza la jimbo. Na tangu Julai 2013 mashauri ya kufuta parole yalihamia mahakamani. Kufikia mwaka 2014 idadi ya watu wa parole ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya ile ya mwaka 2010. Watu wakipungua, ofisi hupungua na nafasi hupungua. Kanuni za utumishi za jimbo zinamruhusu anayepunguzwa kushuka kwenye cheo alichowahi kukishika. Kwa afisa aliyetoka gerezani akasoma na kupanda, hiyo ni kurudi na funguo kiunoni pale alipoanzia.

Na chama je? Tukumbuke kilivyokuwa. Mkataba wake wa kazi ulikwisha mwaka 2006, na Septemba 2007 serikali ikawawekea wafanyakazi masharti yake bila maafikiano. Mwaka 2009 wakalazimishwa kuchukua siku za mapumziko bila mshahara. Chama kilikuwa kinahangaikia mkataba. Mwaka 2010 kilimuunga mkono Brown, kikatumia karibu dola milioni 2 katika uchaguzi huo, na katika majira yale yale ya mwaka 2011 ambapo Brown alitia sahihi sheria ya kuhamishia mzigo kwenye kaunti, chama kilipata mkataba wake mpya. Basi afisa wa parole aliyeyatazama mambo hayo mawili yakipita kwa pamoja hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alijisemea kwamba mwaka 2005 chama kilipotaka, mageuzi yalisimama. Safari hii hayakusimama. Aliona kwamba askari wamepata mkataba, na yeye amepata barua ya uhamisho.

Je, alikuwa na haki kusema hivyo? Kwa sehemu. Tunadhani hakuwa na haki ya kudai kwamba chama kizuie mageuzi yenyewe. Utaratibu uliowazungusha watu maelfu kwa kuvunja masharti, huku wengine wakifa kwa kukosa daktari, haukustahili kulindwa kwa sababu unaleta ajira. Mkate wa mfanyakazi usitegemee mtoto wa mfanyakazi mwingine kubaki ndani. Na tusisahau kwamba waliofungwa na kurudishwa walikuwa zaidi watoto wa maskini na wa vibarua, watu kama sisi.

Lakini alikuwa na haki kamili ya kudai mambo mawili mengine. La kwanza, aambiwe mapema. Chama kilipoingia katika kesi ya msongamano, kilipaswa kuwakusanya wanachama wa parole na kuwaeleza kwamba tukishinda, kazi yenu itabadilika, kwa hiyo tupange tangu leo. La pili ni la majadiliano, na hapa wanachama wengi huchanganya mambo. Sheria hutungwa na Bunge, na chama hakiwezi kulilazimisha Bunge likae nacho mezani. Lakini uamuzi ni kitu kimoja, na athari za uamuzi ni kitu kingine. Hata pale mwajiri anapokuwa na mamlaka ya kuamua peke yake, sheria ya California inamtaka ajadiliane juu ya athari za uamuzi huo kwa mfanyakazi: afisa mmoja aangalie watu wangapi, wa aina gani, nani ahamishwe kwanza, nani arudi cheo gani, ni nani atakayelaumiwa kompyuta ikikosea. Tofauti hiyo ipo pia kiwandani. Mwenye kiwanda anaponunua mashine mpya atasema ni haki yake. Sawa. Idadi ya watu watakaoisimamia, mafunzo yao, na mahali watakapokwenda wale waliosimamia mashine ya zamani, hayo si yake peke yake.

Kundi dogo likichoka hufikiri juu ya kutoka. Katika utaratibu wa California wanaweza kuiomba bodi ya jimbo ya uhusiano wa kazi iwatenge, wakionyesha kwamba mahitaji yao yametofautiana na ya wengine. Njia hiyo ni ndefu, na mwisho wake watu 2,000 wangeketi peke yao mbele ya serikali ya jimbo kubwa. Njia nyingine imekuwa rahisi tangu tarehe 27 Juni 2018, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kwamba mtumishi wa serikali asiye mwanachama hawezi kulazimishwa kulipia gharama za chama. Asiyeridhika anaacha kulipa, basi. Waajiri waliufurahia uamuzi huo, na hilo peke yake litufanye tuutazame vizuri. Anayeacha ada huokoa fedha kidogo, lakini huacha pia kura yake, na mkataba utaandikwa vile vile na waliobaki.

Mageuzi hayakukomea pale. Kwa walio wengi wanaotoka gerezani tangu tarehe 1 Julai 2020, muda wa parole umepunguzwa kutoka miaka 3 hadi 2. Maafisa wa parole bado wako Kundi la 6, pamoja na askari.

Maswali kwa makundi ya masomo. Katibu wa tawi ayasome mapema na ajitayarishe, maana swali la pili linaweza kuleta maneno.

1. Andikeni kazi zote zilizomo katika tawi letu, na idadi ya wanachama katika kila kazi. Ni kazi zipi ambazo hazina mjumbe hata mmoja katika kamati?

2. Katika mapatano ya mwisho na mwajiri, kuna dai la kundi dogo lililoachwa ili dai la wengi likubaliwe? Wahusika waliambiwa kabla ya kutia sahihi, au walisoma ubaoni?

3. Mwajiri akitangaza kesho kwamba ataleta mashine ya kuchumia chai, au atafunga sehemu moja ya kiwanda, ni athari zipi tutakazodai kujadiliana? Ziandikwe, moja moja, pamoja na jina la mwanachama atakayezieleza.